Anasoma au amekariri? Kutambua dalili za mapema za disleksia ukiwa nyumbani

Kiswahili huandikwa kama kinavyotamkwa, na ndiyo maana disleksia, yaani ugumu wa kudumu wa kusoma na kuandika usiotokana na uvivu wala akili ndogo, hujificha. Mtoto huimba "ba be bi bo bu" na wenzake, hukariri ukurasa mzima kwa kuusikia, nawe unaamini anasoma. Akifika darasa la pili makosa ni machache, ila kila neno analivuta kama mzigo. Usihesabu makosa tu. Sikiliza mwendo.

1. Macho na masikio kwanza. Apimwe hospitali. Sikio linalotoa usaha mara kwa mara laweza kumfanya asitofautishe "pa" na "ba", na utahangaika na disleksia isiyokuwapo.

2. Cheza na sauti bila maandishi (miaka 5 hadi 6). Apige makofi kwa kila silabi: ki-ko-mbe, matatu. Kisha mwambie: "Sema maji. Toa ma. Kimebaki nini?" Malizia kwa kinyume, ule mchezo wa watoto: kata iwe taka, mbuzi iwe zimbu. Maneno 10 yanatosha. Wengi wenye disleksia hupiga makofi vizuri, lakini hukwama kwenye kutoa na kugeuza hata baada ya kuonyeshwa mara kadhaa.

3. Vunja mpangilio (darasa la kwanza). Hapa ndipo penye ushahidi mzito. Kata boksi upate kadi 20, kila moja silabi moja, uzichanganye, kisha asome moja moja. Mtazame midomo. Akinong'ona "ba, be, bi" mpaka aifikie "bo", basi hiyo "bo" haijui bado, anaihesabia. Akimaliza, mwandikie maneno yasiyo na maana: zofi, deju, nyebu, ng'uso. Haya hawezi kuyakariri wala kuyakisia kwa picha.

4. Imla ya maneno 10. Weka yenye konsonanti zinazoshikana: ndege, mbuzi, mwalimu, kwapa. Kuandika "dege", "buzi", "malimu" wiki baada ya wiki, ilhali anayatamka sawasawa, ni dalili ya kufuatilia.

Mawili huwapotosha wazazi. Kugeuza b na d ni kawaida kwa watoto wengi wanaoanza kuandika. Peke yake si disleksia. Na "rara" badala ya "lala" huenda ni lugha ya mama tu, kama nyumbani l na r hazitofautishwi.

5. Uliza ukoo. Disleksia mara nyingi hurithiwa. Baba, shangazi au kaka aliyeteseka na kusoma anaongeza uzito wa kila dalili uliyoiona.

6. Daftari, wiki 6. Mfundishe dakika 10 kila siku, silabi 3 mpya kwa wiki, na uandike tarehe, alichoshindwa na muda aliotumia kwa kadi zilezile 20. Aliyechelewa kufundishwa huanza kukimbia. Mwenye disleksia hujua leo, kesho asubuhi amesahau. Huo si uvivu, na kiboko hakitamsaidia. Msomee hadithi uone: wengi hukueleza kisa vizuri, maana shida iko kwenye kusoma, si kuelewa.

Hali ikibaki hivyo, usingoje darasa la nne. Kenya, nenda kituo cha EARC (kituo cha kutathmini watoto wenye mahitaji maalumu ya elimu) kilicho karibu nawe. Tanzania, anza na mwalimu wa darasa, kisha afisa wa elimu maalumu wa halmashauri. Beba daftari lako, madaftari yake ya shule na majibu ya vipimo vya macho na masikio.