Somo: Dawa ya inhela iende kwenye mapafu, isiishie kooni

Mtu mwenye pumu akiniambia "inhela hainisaidii", humwomba avute mbele yangu. Mara nyingi naona kaukungu keupe kakitoka pembeni ya mdomo. Hiyo ndiyo dawa yake, inaondoka. Tuanze na inhela ya kubonyeza, maana ndiyo yenye matatizo.

1. Toa kifuniko, chungulia ndani. Usicheke: wapo waliovuta sarafu iliyoingia humo mfukoni.

2. Tikisa. Kama ni mpya au imekaa muda mrefu, ijaribu hewani kwanza.

3. Kaa wima, toa pumzi taratibu mpaka iishe.

4. Bana midomo kwenye inhela, anza kuvuta polepole, na hapohapo bonyeza mara moja huku ukiendelea kuvuta. Ukiwahi kubonyeza, dawa inagonga koo. Ukichelewa, kifua kimeshajaa. Hatua hii ifanyie mazoezi mbele ya kioo; ukungu ukionekana, rudia zoezi siku nyingine, usimalize dawa kwa mazoezi.

5. Shikilia pumzi sekunde 10. Kama unahitaji mpulizo wa pili, usubiri nusu dakika, utikise tena.

Kama ni ya steroidi (ile ya kila siku ya kutuliza uvimbe ndani ya njia za hewa), sukutua kwa maji na uteme, la sivyo unaweza kupata fangasi mdomoni.

MASWALI

– Sista, yangu ni ya unga. Ni hivyohivyo?

Hapana. Ya unga haina gesi ya kusukuma dawa, pumzi yako ndiyo inayoisukuma. Vuta kwa nguvu na haraka. Usipumulie ndani yake, unga utagandana.

– Mwanangu ana miaka 3, hawezi kushikilia pumzi.

Mtumie speisa (chupa ya plastiki inayochomekwa kwenye inhela) yenye barakoa. Ikae vizuri usoni, bonyeza mara moja, mwache apumue kawaida kama mara 6. Ukiiosha kwa maji ya sabuni, iache ikauke yenyewe. Ukiifuta kwa kitambaa, plastiki inapata umeme tuli na dawa inanata humo.

– Salbutamol inanitosha. Ya steroidi ya nini kila siku?

Salbutamol inafungua njia za hewa kwa saa chache tu, uvimbe wa ndani hauguswi. Kikopo unakimaliza kwa muda gani?

– Mwezi, sista.

Kina mipulizo 200. Gawa kwa siku 30 uone: karibu 7 kila siku, ni mingi mno. Muone daktari wiki hii. Na siku ukishindwa kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi, usingoje miadi, nenda hospitali muda huohuo.