Kabla ya Kumpigia Kura Luteni Gavana wa Texas

Jumanne ya Novemba 3, 2026, mpiga kura wa Texas atakutana na orodha ndefu kuliko alivyozoea mtu aliyewahi kupiga kura Kinondoni au Kisumu. Juu kabisa kuna viti vya Bunge la Marekani, kisha gavana, kisha luteni gavana, halafu mwanasheria mkuu, mdhibiti wa fedha, kamishna wa ardhi na wa kilimo. Kwenye kaunti kubwa kama Harris, yenye jiji la Houston, wanafuata majaji wengi mno. Zamani ungeweza kubonyeza jina la chama mara moja na viti vyote vikajazwa. Utaratibu huo ulifutwa kuanzia uchaguzi wa Novemba 2020, kwa hiyo sasa kila kiti unakichagua peke yake. Nawasikia ndugu wengi wakisema wakishamchagua gavana wanaona wamemaliza. Mimi naona mstari unaofuata, wa luteni gavana, ndio wa kuutayarishia zaidi.

Tatizo linaanzia kwenye jina. Ukimwita luteni gavana "naibu gavana", Mkenya anamwona naibu wa gavana wa kaunti, aliyeingia kama mgombea mwenza, na Mtanzania anamfikiria Makamu wa Rais. Texas haina mgombea mwenza. Gavana na luteni gavana wanagombea kila mmoja kwa kura zake, na wanaweza kutoka vyama tofauti. Kuanzia Januari 1995 hadi Januari 1999 gavana alikuwa George W. Bush wa Republican na luteni gavana Bob Bullock wa Democratic. Hata wakiwa chama kimoja hawalazimiki kukubaliana. Mwaka 2025 Luteni Gavana Dan Patrick alisukuma muswada wa kupiga marufuku bidhaa za dukani zenye THC, kile kilevi cha bangi. Ukapita Seneti na Baraza la Wawakilishi la jimbo, kisha Gavana Greg Abbott, wa chama chake huyo huyo, akaukataa kwa kura ya turufu.

Kazi ya luteni gavana hasa ni kuongoza Seneti ya jimbo yenye maseneta 31. Yeye ndiye anayewateua wenyeviti na wajumbe wa kamati. Yeye ndiye anayeamua muswada upelekwe kamati ipi, na upelekwe kwa mwenyekiti anayeupenda au anayeuchukia. Bunge la Texas hukutana kwa kawaida siku 140 tu, kila baada ya miaka miwili, katika miaka isiyogawanyika kwa mbili. Muswada uliokaliwa hadi siku zikaisha unasubiri miaka mingine miwili, na haupigiwi kura hadharani ili ujue nani aliuua. Pamoja na Spika wa Baraza la Wawakilishi, luteni gavana pia anaongoza bodi ya bajeti ya Bunge. Mshahara wake ni dola 7,200 kwa mwaka, sawa na wa seneta, na kiwango hicho kisikudanganye kuhusu uzito wa kiti. Wafuatiliaji wa siasa za Texas wamesema miaka mingi kwamba kwa sheria na fedha kiti hiki kinamzidi gavana nguvu, nami nakubaliana nao.

Ukishaelewa hivyo, maswali ya kumuuliza mgombea yanabadilika. Wengi huuliza anapenda nini na anachukia nini. Hilo ni sawa, lakini uliza pia: utampa nani kamati ya elimu? Ya fedha? Ya afya? Na muswada utahitaji kura ngapi ili ujadiliwe ukumbini? Hili la mwisho linaonekana kama jambo la makarani, nami nalitilia mkazo kwa makusudi. Kwa miongo mingi Seneti ya Texas ilifuata desturi kwamba muswada haufiki kwenye mjadala bila kuungwa mkono na theluthi mbili ya maseneta, yaani 21. Mwaka 2015, Patrick alipoingia, kiwango kilishushwa hadi 19. Mwaka 2021 kikashushwa tena hadi 18. Wanaounga mkono wanasema kazi inakwenda haraka na waliochaguliwa kwa wingi wanatimiza walichoahidi. Wanaopinga wanasema chama kidogo kimenyang'anywa breki. Vyovyote uonavyo, kanuni hiyo ndiyo inayoamua kama seneta wa mtaa wako ana uwezo wa kuzuia kitu au anahesabika tu.

Tazama pia yanayokugusa nyumbani kwako. Sheria ya 2025 ilitenga dola bilioni 1 za umma kuwasaidia wazazi kulipia shule binafsi. Texas haijapanua Medicaid, bima ya afya ya serikali, kwa watu wazima wa kipato cha chini kama majimbo mengi yalivyofanya, na dada zetu wanaotunza wazee majumbani bila bima wanaujua uzito wake. Februari 2021 baridi kali iliangusha umeme wa jimbo, na hesabu rasmi ya waliokufa ilifika 246. Shule, bima na umeme vyote hupita mikononi mwa kamati ambazo luteni gavana anazipanga.

Na fikiria urithi: gavana akiondoka, luteni gavana ndiye anayeshika nafasi yake. Mwaka 1998 Rick Perry alimshinda John Sharp kiti hiki kwa tofauti isiyofika kura 70,000, kati ya zaidi ya milioni 3.5 zilizopigwa. Miaka miwili baadaye Bush akachaguliwa Rais, na Desemba 2000 Perry akawa gavana bila kupigiwa kura ya ugavana. Alikaa hapo hadi Januari 2015. Miaka 14 ya ugavana ilianzia kwenye mstari ambao watu huuruka.

Sasa maandalizi ya mtu mwenyewe. La kwanza nalisema kwa sauti, maana linavunja familia: kura hii ni ya raia wa Marekani peke yake. Mwenye kadi ya ukaazi wa kudumu hapigi kura, hata akilipa kodi miaka 20, hata mtoto wake akiwa jeshini. Kujiandikisha au kudai kwenye fomu kwamba wewe ni raia kunaweza kukufikisha mahakamani na kukufukuzisha nchini. Hatari mara nyingi haianzii kwenye uchaguzi wenyewe. Inaanzia kwenye ofisi ya leseni za udereva, unapoulizwa haraka kama unataka kujiandikisha kupiga kura, nawe unaitikia ndiyo kwa adabu. Wafundisheni wazee na wageni waliofika juzi kutoka kambi za Nyarugusu na Kakuma: swali hilo, kwa asiye raia, jibu lake ni hapana.

Kwa aliyekwisha kula kiapo cha uraia, tahadhari inageuka. Rudi ofisi ya leseni wabadilishe taarifa zako, kwa sababu kumbukumbu zao zinaweza kuendelea kukutaja kama mgeni. Mwaka 2019 jimbo lilitoa orodha ya wapiga kura wapatao 95,000 lililowashuku kuwa si raia. Ikaonekana wengi ni watu waliopata uraia baada ya kuchukua leseni, na orodha ikafutwa baada ya kesi mahakamani. Ukipata barua ya kukutaka uthibitishe uraia, usiitupe pamoja na matangazo ya duka. Huwa na siku 30 za kujibu.

Uandikishaji unafungwa siku 30 kabla ya uchaguzi. Kwa mwaka huu siku ya mwisho ni Oktoba 5. Usitegemee kumaliza kila kitu mtandaoni kama katika majimbo mengine mengi. Kwa kawaida fomu inachapwa, inasainiwa kwa kalamu, na inapelekwa au kutumwa kwa posta kwa msajili wa kaunti. Umehama apatimenti? Rekebisha anwani kabla ya tarehe hiyo hiyo.

Kisha majina. Hapa ndipo watu wetu wanapokwama kuliko wengine. Mkongomani ana majina matatu na hajui lipi Wamarekani wamelifanya la ukoo. Mwingine Athumani kwenye leseni ni Othman kwenye cheti cha uraia. Mama aliyeolewa ana jina la mume kwenye benki na la baba kwenye pasipoti. Kituoni majina yakikaribiana, sheria inaruhusu upige kura baada ya kusaini kwamba ni mtu yule yule, lakini kukaribiana huko anaamua karani. Toa kadi yako ya mpiga kura na kitambulisho leo, uviweke mezani ubavu kwa ubavu, usome herufi moja moja. Vitambulisho vya picha vinavyokubaliwa ni saba, vikiwemo leseni ya Texas, kitambulisho cha jimbo, pasipoti ya Marekani na cheti cha uraia chenye picha. Pasipoti ya Kenya au Tanzania haimo. Kwa mwenye umri wa miaka 18 hadi 69, kitambulisho kilichoisha muda bado kinafaa kama haijapita miaka 4. Aliyefika 70 hana kikomo hicho. Asiye na chochote kati ya hivyo, na kwa sababu ya msingi hawezi kukipata, anaweza kusaini tamko na kuonyesha karatasi kama bili ya umeme.

Kiswahili hakimo kwenye karatasi za kura. Harris wana Kiingereza, Kihispania, Kivietinamu na Kichina. Lakini sheria ya nchi inampa asiyeweza kusoma Kiingereza haki ya kuingia na msaidizi wa kumchagua mwenyewe, awe binti, jirani au mtu wa kanisani. Asiwe mwajiri wako wala kiongozi au wakala wa chama chako cha wafanyakazi. Msaidizi ataandika jina na anwani yake na kula kiapo kwamba hatakushawishi. Jambo hilo huwashtua wengi mlangoni, kwa hiyo mwambie mapema. Wazee wa miaka 65 na zaidi wanaweza kuomba kura ya posta. Kwenye ombi na kwenye bahasha waandike namba ya leseni au tarakimu nne za mwisho za namba ya hifadhi ya jamii, na iwe ile iliyo kwenye kumbukumbu za usajili wao. Mwaka 2022, kanuni hiyo ilipokuwa mpya, maelfu ya kura zilikataliwa kwa kukosa namba hiyo.

Siku yenyewe ni nyepesi ukiwa tayari. Kura ya mapema hufunguliwa wiki mbili hivi kabla, na mimi ningekwenda siku hizo kuliko kusubiri Jumanne yenye zamu ya kazi. Simu haitumiki kwenye chumba cha kupigia kura, kwa hiyo andika majina yako kwenye karatasi. Kule kwetu mtu huvaa kanga au kofia ya mgombea hadi kituoni. Hapa vazi lenye mgombea aliye kwenye kura utaambiwa ulifunike au ulivue. Vituo hufungwa saa 1 jioni, na aliyekwisha kuwa kwenye foleni saa hiyo anapiga kura, hata ikichukua muda gani. Ukiambiwa kitambulisho hakitoshi, usirudi nyumbani. Omba kura ya muda (provisional ballot), kisha una hadi siku 6 baada ya siku ya uchaguzi kupeleka kitambulisho kwa msajili wa kaunti.

Mwisho, andika tarehe moja zaidi kwenye kalenda: Januari 12, 2027, Bunge jipya linapofunguliwa Austin. Siku za mwanzo maseneta hupitisha kanuni zao, na muda mfupi baadaye luteni gavana hutangaza kamati. Orodha hiyo huwekwa wazi. Tafuta nani kapewa elimu, nani kapewa fedha, na seneta wako kawekwa wapi.