Somo: Kabla hujampa fundi ramani, nenda ukaone nyumba alizojenga

Mwaka 2019 nilimpa fundi kazi ya nyumba yangu ya vyumba vitatu kwa sababu ya picha nane zilizokuwa kwenye simu yake. Nyumba nzuri kweli, za Goba na Madale, bati za msauzi, madirisha ya alumini. Baadaye nilikutana na mwenye mojawapo, akaniambia yule bwana alikuja pale siku mbili tu kubeba zege. Wakati huo kwangu lenta, ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha, ilikuwa imeshafungwa, na kuta mbili zilikuwa zimepinda kiasi kwamba kuzinyoosha kwa plasta kulikula saruji ambayo sikuipangia bajeti. Sitaki yawakute. Fanyeni haya kabla ya kutoa hata hela ya kununulia kamba.

Hatua ya 1: Omba nyumba tatu. Moja anayoijenga sasa, moja aliyokabidhi karibuni, na moja iliyokwisha kupitiwa na masika mbili. Hiyo ya tatu ndiyo yenye habari. Nyumba ikiwa na rangi mbichi, kila fundi ni hodari.

Hatua ya 2: Mtafute mwenye nyumba wewe mwenyewe. Namba ya simu anayokupa fundi inaweza kuwa ya shemeji yake. Fika mtaani, muulize mjumbe au mwenye duka la jirani nyumba ile ni ya nani. Na nenda bila fundi, maana akiwa amesimama pembeni hakuna atakayesema la moyoni.

Hatua ya 3: Uliza mambo yanayohesabika. Hapa wengi tunakosea. Ukimuuliza mtu "Fundi wako ni mzuri?" atakujibu "Hana shida", kwa sababu hakuna anayetaka kumtilia mwenzake mchanga kwenye kitumbua. Kwa hiyo usiulize sifa. Uliza: Alianza mwezi gani, akafunga lenta mwezi gani? Mlikubaliana ufundi kiasi gani, na mwisho ulitoa kiasi gani? Aliwahi kuondoka saiti wiki nzima bila kuaga? Saruji iliisha mapema kuliko alivyokadiria? Choo kilipovuja ulimpigia, akaja? Mwisho niliuliza, "Mwanao akipata kiwanja, utampa huyu?" Mama mmoja alinyamaza, akatazama dari, kisha akasema, "Mwanangu, wewe tafuta mwingine." Dakika kumi nyuma alikuwa amenambia hana shida.

Hatua ya 4: Omba kuingia ndani. Ukikaribishwa, anza na bafu. Mwaga ndoo ya maji sakafuni uangalie yanaelekea wapi. Yakikimbilia tundu, fundi anajua kuweka mteremko. Yakituama kwenye kona au yakija mlangoni, hiyo ndiyo kazi utakayoletewa. Gonga vigae kwa sarafu. Kinacholia kama debe tupu hakikushika chini.

Halafu angalia kona za madirisha na milango. Ufa mwembamba kama unywele kwenye plasta usikutishe, mara nyingi ni plasta iliyokauka haraka. Ufa unaoanzia kona ya dirisha ukapanda mshazari, na sarafu ikaingia, huo unakuonya kuhusu lenta au msingi.

Kwenye saiti inayoendelea, kaa kivulini nusu saa utazame wanavyochanganya zege. Wanapima kwa ndoo au boksi, au wanakoroga kwa macho? Maji wanayazidisha ili koleo liwe jepesi? Zege linatakiwa kumwagiliwa angalau siku 7; kama la juzi limekaa kavu na jua linaliwakia, umeshapata jibu.

Hatua ya 5: Duka la vifaa na vibarua. Muulize mwenye duka kama fundi ana madeni. Waulize saidia fundi kama wanalipwa jioni. Asiyewalipa vibarua, kazi yako itasimama nao.

Maswali ya wanachama

*Asante dada kwa somo. Mimi niko Muscat, kiwanja kiko Chanika, fundi nimeletewa na kaka yangu. Nitakagua vipi?*

Usimtume aliyekuletea fundi akamkague. Tuma mtu mwingine, apige video ya moja kwa moja, na ile ndoo ya bafuni imwagwe ukiona. Mwenye nyumba ongea naye wewe. Ukiweza, mlipe fundi mchundo (mtaalamu wa ujenzi aliyesomea chuoni) asiyemjua huyo fundi azunguke nyumba zote tatu. Ni gharama ndogo kuliko kubomoa.

*Dada, kuna haja ya mtu aliyesajiliwa, au fundi wa mtaani anatosha?*

Anayekuja kama kampuni ya ukandarasi lazima awe amesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi, kwa sheria ya mwaka 1997. Madaraja yako 7, la kwanza ndilo la kazi kubwa kabisa. Chukua jina na namba yake ukaulize bodi wenyewe, usiridhike na nakala ya cheti. Ghorofa mimi siwezi kumpa mtu asiyesajiliwa, hata awe na sifa gani mtaani.

*Fundi ni mtoto wa shangazi. Nikianza kuulizauliza itakuwa ugomvi.*

Mwambie mapema kwamba unataka kuona kazi zake ili ujue umwachie nini. Aliyejenga vizuri atakupeleka mwenyewe kwa furaha. Akinuna, bora mnuniane sasa kuliko nyumba ikiwa kwenye lenta.

*Kijana ametoka chuo cha ufundi cha VETA, bado hana nyumba ya kuonyesha. Tumnyime?*

Hapana. Mpe kazi ndogo kwanza: chemba (kishimo cha kukagulia mabomba ya maji taka), choo cha nje, au ukuta wa uzio wa mita chache. Mlipe ujira kamili, kisha uweke timazi na pima maji ukague kama kazi yake imenyooka. Wa kwangu wa sasa nilianza naye kwenye chemba mbili. Alitoboa mwenyewe sehemu iliyokosewa na kuijenga upya kabla sijafika saiti, na ndipo nikampa ramani.