Simu ya zamani na memori kadi: muziki wa gari bila bando

Kama gari lako lilitoka Japani na redio inaishia FM 90 na haishiki stesheni nyingi za hapa, usikimbilie kununua redio mpya. Chukua ile simu ya zamani iliyolala kwenye droo, itie memori kadi ya GB 32 iliyojaa MP3, kisha uiunganishe kwa waya na tundu la AUX, lile la kuingizia sauti kwenye redio ya gari. Nimeanza wiki hii na nimefurahi kweli: jam yote ya Thika Road, Githurai hadi mjini Nairobi, muziki haukatiki wala hauli bando. Wimbo wa dakika nne kwa ubora wa kbps 128 ni kama MB 4, kwa hiyo kadi hiyo hubeba zaidi ya nyimbo 7,000. Iweke simu kwenye hali ya ndege, chaji itadumu. Panga folda za nyimbo kabla hujaanza safari. Kutafuta wimbo ukiendesha ni hatari, tafadhali.

Inapogoma: kadi za GB 64 kwenda juu huja na mfumo wa kupanga faili uitwao exFAT, na simu nyingi za kale haziisomi. Ukichaji kwenye tundu la sigara huku muziki unacheza, spika zinaweza kuvuma zikifuata mwendo wa injini. Chomoa chaja, uchajie nyumbani. Huna AUX? Kile kitransmita kidogo cha FM, kinachorusha muziki wa simu hadi redio ya gari, kitafaa, ila kiweke kati ya 87.5 na 90, maana zaidi ya hapo redio ya Japani haishiki. Na usiiache simu kwenye dashibodi juani, betri huvimba.