Jinsi ya kuhifadhi makala za mtandaoni na kuzisoma kweli

Ukikutana na makala nzuri wakati huna nafasi, usiiache wazi kwenye kivinjari ukitegemea kuirudia, wala usijitumie kiungo chake kwa WhatsApp. Vichupo, yaani kurasa ulizoacha wazi, vikizidi, simu huvipakia upya ukivirudia, na kama hapo huna mtandao unabaki kutazama ukurasa mweupe. Kiungo cha WhatsApp nacho huzama chini ya salamu na picha, na siku ukikihitaji hukumbuki hata neno la kukitafutia. Kazi yangu ni uhariri. Nasoma makala ndefu kila siku, nyingine za kazi na nyingine za kuninoa akili, na bila programu ya kusoma baadaye nisingemudu. Unagusa mara moja, programu inachukua maandishi ya makala, inaacha matangazo na menyu, kisha inakuwekea nakala safi unayoweza kuisoma hata bila mtandao.

Anza na programu moja tu. Ukiwa nazo mbili, utakuwa unaitafuta makala huku na huku kama zamani. Kwa anayeanza napendekeza Instapaper, iliyoanzishwa na Marco Arment mwaka 2008 na ambayo ingali hai. Toleo lake la bure linamtosha msomaji wa kawaida. Readwise Reader ni ya kulipia, nayo inawafaa watafiti na waandishi, watu ambao hawawezi kusoma bila kupigia mistari na kuandika maelezo pembeni. Wallabag ni programu huria, yaani msimbo wake uko wazi kwa yeyote, na mwenye ujuzi anaweza kuiweka kwenye seva yake mwenyewe. Kama hutaki kufungua akaunti nyingine, Safari imekuwa na orodha ya kusoma tangu 2011, na Chrome nayo inayo. Hizo zinamtosha mtu wa makala mbili tatu kwa wiki. Ukitumia ya Safari, ingia kwenye mipangilio uwashe kuhifadhi kwa ajili ya kusoma nje ya mtandao, la sivyo unaweza kujikuta umeweka viungo vitupu.

Kabla hujajisajili popote, fungua mipangilio au kurasa za msaada uangalie jambo moja: je, unaweza kutoa orodha yako yote nje kama faili? Kama huwezi, achana na programu hiyo hata iwe nzuri kiasi gani. Nalisisitiza hili kwa sababu programu hizi hufa. Readability, iliyowafundisha wengi kusoma ukurasa usio na takataka, ilifungwa 2016. Omnivore ilipofungwa mwishoni mwa 2024, watumiaji wake walipewa wiki chache tu za kuhama. Pocket, iliyoanza 2007 na kununuliwa mwaka 2017 na Mozilla, watengenezaji wa kivinjari cha Firefox, ilizimwa tarehe 8 Julai 2025. Watu walipewa miezi kadhaa ya kuchukua vitu vyao, lakini faili waliyopakua ilikuwa na vichwa vya makala, viungo, tarehe na lebo, yaani maneno mafupi ya kupangia makala. Maandishi yenyewe ya makala hayakuwemo. Kwa hiyo kama ukurasa wa asili ulikuwa umeshafutwa, kiungo kile hakikumfikisha mtu popote.

Sasa weka programu kwenye simu, kisha weka kiendelezi chake, yaani programu ndogo ya nyongeza, kwenye kivinjari cha kompyuta, na vyote viwili viingie kwa akaunti ileile. Kwenye simu, ukiwa kwenye makala, gusa kitufe cha kushiriki, chagua programu yako, basi. Mara ya kwanza huenda isionekane kati ya zile za mbele. Telezesha hadi mwisho, itafute, na uipandishe juu ili siku nyingine usihangaike.

Ukishahifadhi makala chache, fanya jaribio ambalo wengi hulipuuza. Fungua programu ukiwa kwenye mtandao, iache imalize kupakua, kisha washa hali ya ndegeni. Fungua makala moja moja na uteremke hadi sentensi ya mwisho. Usiridhike na kichwa na aya ya kwanza, kwa maana baadhi ya makala hukatikia katikati na huku juu zinaonekana nzima. Ukiona tatizo, ni heri uligundue ukiwa umetulia nyumbani kuliko njiani pasipo na mtandao. Na kama unatumia bando, tazama kwenye mipangilio kama unaweza kuiambia programu ipakue kwa Wi-Fi peke yake.

Kwa nini makala hukatika? Inafaa kuelewa, maana ukishaelewa utajua mapema zipi zitakusumbua. Programu haijui makala ni nini, inakisia tu. Chukua mfano wa Readability.js (si ile programu iliyofungwa), msimbo wa Mozilla unaoendesha mwonekano wa kusoma wa Firefox, ule unaokuonyesha makala bila matangazo na menyu. Unapitia vipande vya ukurasa na kuvipa alama: kipande chenye aya ndefu na mikato mingi kinapanda, kilichojaa viungo kinashuka, na kile ambacho msimbo wa tovuti umekiita maoni, pembeni au kijachini nacho kinapunguziwa. Kipande kilichoshinda ndicho kinachohesabiwa kuwa makala. Kwa insha na habari ndefu mbinu hii inafanya kazi vizuri mno. Ila majedwali huvurugika, michoro ya kubofya hupotea kabisa, mashairi hubanwa mistari, na picha ambazo hujitokeza tu msomaji anapoteremka mara nyingine haziletwi. Mapishi na maelekezo yenye hatua fupi fupi pia huumia, kwa sababu hayana aya ndefu za kuyapandisha alama. Makala iliyogawanywa kurasa nyingi inaweza kuletwa ukurasa wa kwanza tu. Kwa hiyo tafuta kwanza kitufe cha kuchapisha au cha kuonyesha yote kwenye ukurasa mmoja, kisha ndipo uhifadhi.

Makala za tovuti unazolipia zina njia yake. Ukishiriki kiungo kutoka kwenye simu, mara nyingi ni seva ya programu inayokwenda kuuchukua ukurasa, na seva hiyo haina nywila yako, kwa hiyo inarudi na aya mbili na ombi la kujiunga. Ingia kwenye tovuti ukitumia kompyuta, fungua makala yote, halafu uhifadhi kwa kiendelezi. Baadhi ya viendelezi hutuma ukurasa kama unavyouona wewe wakati huo.

Lebo usizitukuze. Nimeona watu wakijenga mfumo wa lebo wenye matawi na vijitawi, na mwisho hawasomi hata makala moja. Mimi natumia mbili: kazi na utulivu. Ya kwanza naisoma mezani, kalamu mkononi. Ya pili ni ya jioni. Vingine vyote utafutaji utavipata.

Kilicho na thamani kuliko lebo ni kuandika kwa nini ulihifadhi. Programu nyingi zina nafasi ya maelezo, na sentensi moja inatosha: “aya ya tatu inahusu haki za wafanyakazi, ya kutumia kwenye toleo lijalo.” Baada ya muda utakuwa umesahau kabisa kilichokuvutia, na kichwa cha habari peke yake hakikukumbushi.

Halafu soma. Hapa ndipo wengi wanaposhindwa, na programu haina kosa. Orodha ikishakuwa ndefu inaanza kumtisha mwenye nayo, naye anaacha kuifungua huku akiendelea kuijaza. Dawa ni kuondoa. Kila mwisho wa wiki napanga orodha kuanzia ya zamani zaidi na kuzipitia zile za juu, moja moja: nasoma sasa, au nafuta. Habari za matukio nazifuta bila huruma, kwa sababu zimeshapitwa. Uchambuzi mzuri hauozi haraka, naupa nafasi. Nikisoma aya tatu na mwandishi hajanipa kitu, nafuta pia. Hakuna deni lolote kati yangu na makala niliyoihifadhi kwa kugusa kitufe. Jitengee pia wakati maalumu, kwenye foleni au kabla ya kulala, na uweke programu kwenye ukurasa wa kwanza wa simu, pale ulipozoea kugusa mitandao ya kijamii. Ukubwa wa herufi rekebisha mara moja na usirudi tena huko.

Zile chache utakazozihitaji miaka ijayo, usiziachie programu. Pew Research Center, kituo cha utafiti cha Marekani, ilichunguza kurasa za wavuti zilizokuwepo mwaka 2013 na kukuta kwamba ilipofika 2023, asilimia 38 hazikuwa zikipatikana tena. Fikiria marejeo ya tasnifu yako, au makala pekee iliyoeleza ugonjwa wa mzazi wako kwa lugha uliyoielewa. Kwa makala ya namna hiyo fanya mambo mawili siku hiyohiyo. Kwanza, peleka kiungo chake web.archive.org, uombe ukurasa uhifadhiwe kwenye Wayback Machine, hifadhi ya nakala za kurasa za wavuti, nao utapata anwani ya kudumu unayoweza hata kumpa mwingine. Pili, ifungue kwenye mwonekano wa kusoma wa kivinjari, chagua kuchapisha, kisha badala ya printa chagua kuhifadhi kama PDF. Faili lipe jina lenye mwandishi, mada na mwaka, na liweke kwenye folda moja ambayo nakala yake iko pia nje ya kompyuta yako. Orodha yote ya programu nayo itoe mara kwa mara kama faili na uiweke humohumo, programu ikiwa bado nzima na seva zake zinafanya kazi.