Kabla ya Kulipia Tangazo: Mwongozo kwa Mafundi Cherehani wa Ngamiani

Fundi cherehani wa Ngamiani, jijini Tanga, anapotaka kujitangaza kabla ya Idi, aghalabu hufikiria kwanza gari lenye spika au tangazo fupi la redioni. Yote mawili yana kazi yake, lakini kwa mwenye cherehani mbili na msaidizi mmoja, ni heri fedha hiyo ingoje mpaka wateja aliokwisha kuwashonea wawe wameandikwa daftarini.

Kila mteja anapochukua nguo yake, mwombe namba ya simu, mweleze wazi kwamba utamtumia habari za mitindo na za muda wa kupokea kazi, kisha uandike iwapo amekubali, kwa kuwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inataka taarifa za mtu zitumike kwa lengo aliloelezwa. Kabla hajatoka mlangoni, mwombe naye aihifadhi namba yako. Hatua hii husahauliwa mno, ilhali ndiyo yenye uzito: katika WhatsApp, ujumbe unaotumwa kwa mkupuo kwa orodha ya watu haumfikii ambaye hakuihifadhi namba ya mtumaji, hivyo unaweza kuwatumia watu 200 ukaamini umetangaza, kumbe umezungumza na 40 tu.

WhatsApp Business haina malipo, na ina mahali pa kupanga picha za kazi zako pamoja na bei. Piga picha nje, asubuhi, nguo ikiwa imevaliwa na mtu aliyeridhia, na iwe kazi ya mkono wako, si picha iliyookotwa mtandaoni. Bei iandikwe. Mtindo wa kumwambia mteja aulize bei faraghani, kwa maoni yangu, huwafukuza wengi ambao wangekuja, kwa sababu anayeficha bei hudhaniwa kuwa anampima mteja mfuko.

Mahali pia paelezwe sawasawa. Barabara za Ngamiani huitwa kwa namba, nazo ni ndefu. Kuandika "Barabara ya 12" peke yake kunamwacha mgeni akizunguka juani, kwa hiyo taja pia msikiti, duka la dawa au kona iliyo karibu nawe.

Kuhusu wakati, tangaza mwezi wa Shaabani. Katika kumi la mwisho la Ramadhani fundi mzuri huwa anakataa kazi, na tangazo linalomleta mtu aje kuambiwa "tumejaa" linamfundisha njia ya kwenda kwa jirani. Tangazo lenyewe litaje siku ya mwisho ya kupokea vitambaa, na siku hiyo iheshimiwe.

Ukishaamua kulipia gari, muulize kila mteja mpya alikujuaje, na uandike jibu lake. Tuseme umelipa shilingi 60,000, na waliokuja kwa kulisikia gari ni 6: kila mmoja amekugharimu 10,000. Ikiwa kanzu moja inakuachia faida ya 7,000, umepata hasara ya 3,000 kwa kila kichwa, yaani 18,000 kwa wote 6. Hata hivyo, usiliache gari mara moja. Yawekee alama majina hayo 6, uyatazame tena Idi ya kuchinja, kwani wakirudi watatu tu, kila mmoja na kanzu moja, hasara hiyo itakuwa imegeuka faida ya shilingi 3,000.