Azima sheria ya ulimwengu, majina waachie wenyewe

Nikitaka kuongeza kitu kwenye ulimwengu ninaoutungia meza yangu ya Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani ambamo wachezaji huigiza wahusika na kurusha dadu, sianzi na ramani wala miungu. Nafungua kitabu cha ulimwengu uliokwisha kuchapishwa, natafuta sheria moja inayouendesha, kisha najiuliza: sheria hii ikifika kwangu, mvuvi ataamkia nini kesho asubuhi?

Ulimwengu ulionifaa kuliko yote ni Dark Sun, uliotoka mwaka 1991. Dunia yake inaitwa Athas, nayo ni jangwa. Chuma ni adimu hata watu wanapigana kwa silaha za mifupa, mbao na obsidiani, na sarafu zao ni za udongo uliochomwa. Uchawi ndio ulioiua nchi: mchawi asiyejali hunyonya uhai wa mimea iliyomzunguka, panabaki majivu. Wengi wakisoma hubeba jangwa lenyewe na wafalme wake wachawi. Mimi natunga visiwa na pwani, jangwa la nini? Nilibeba sheria mbili tu: uchawi hula uhai wa pale ulipofanyika, na chuma hakipatikani.

Ya kwanza niliitia baharini. Mchawi akitumia nguvu kubwa, matumbawe yanakufa, yanageuka meupe, na samaki wanahama. Kwa hiyo kila kijiji kina wapiga mbizi wa kukagua miamba, na mgeni hakaribishwi chakula kabla hajasema alitia nanga wapi. Mchezaji wangu mwenye mhusika mchawi siku hizi hushika dadu akatulia kwanza, maana anajua ni mtaa gani utakaolala njaa.

Ya pili ilizaa mengi zaidi. Pasipo chuma hapana misumari, na pwani ya Lamu tunaijua mitepe, vyombo vilivyoshonwa kwa kamba za makumbi ya nazi bila msumari. Basi kwangu kila chombo kinashonwa. Mshonaji ana sauti barazani kuliko mwenye upanga, na adui anayetaka kuuvunja mji huanza kwa kuchoma minazi. Hilo la minazi sikulikuta katika kitabu chochote. Lilikuja lenyewe baada ya kuifuata sheria mpaka mwisho wake.

Nawe fanya hivyo. Andika sheria uliyoiazima kwa sentensi moja isiyo na jina hata moja la kitabuni. Chini yake jibu: nani anatajirika, nani anaumia, kitu gani kimepanda bei, watoto wanakatazwa nini. Ukikosa majibu, irudishe, tafuta nyingine.

Kutoka Eberron, ulimwengu wa Keith Baker wa mwaka 2004, azima jeraha. Humo vita vya zaidi ya miaka 100 vimekwisha miaka miwili tu iliyopita, na nchi ya Cyre iliangamia kwa siku moja bila kitabu kueleza sababu. Mwambie kila mchezaji aseme mhusika wake alikuwa upande gani vitani na alimpoteza nani. Mtakuwa na ugomvi, madeni na siri kabla ya safari ya kwanza. Na lile swali la Cyre linafundisha jambo ninalolipenda sana: acha tukio moja kubwa bila jibu, ili wachezaji wabishane wenyewe.

Majina usiyaguse. Ukiuita mji wako Waterdeep, aliyevisoma vitabu vya Forgotten Realms, ulimwengu wenye mji wa jina hilo, ataanza kukusahihisha mitaa. Mezani kwenu hamna kesi, lakini ukitaka kuuza kazi yako, fahamu kwamba sheria za msingi za mchezo, yaani SRD 5.1, zilitolewa Januari 2023 kwa leseni ya Creative Commons, na unaweza kuzitumia mradi utaje zilikotoka. Athas na Eberron hazimo katika ruhusa hiyo.